Grasmere, Haworth, Dorchester au Helpston: Uchague Kijiji Kipi cha Washairi wa Uingereza?

Mtu aliyekwenda Uingereza kwa majuma mawili kumsalimia ndugu yake, au anayeishi London na kupata mapumziko ya siku mbili tatu, akitaka kutoka mjini kwenda kuona mashamba na vilima ambako mashairi ya Kiingereza yalitungwa, hukuta majina mengi kuliko siku alizo nazo. Nimechagua mahali panne pa kulinganisha: Grasmere katika eneo la maziwa la kaskazini-magharibi, Haworth katika Yorkshire, mji wa Dorchester na vijiji vyake katika Dorset, na Helpston karibu na Peterborough. Pote panne pana nyumba iliyohifadhiwa, pana kaburi kanisani au kando yake, na pana njia za miguu zinazoanzia karibu na mlango wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mambo hayo matatu, ambayo matangazo ya utalii huyatanguliza, hayamsaidii mtu kuamua. Linalosaidia ni swali jingine: ukishafika na kusimama pale, utapata nini kuhusu shairi ambacho kitabu peke yake hakikukupa? Majibu ya swali hilo yanatofautiana sana, na ninaona kwamba mahali panaposifiwa zaidi si lazima ndipo panapomfaa kila msomaji.

Grasmere ndipo wengi huanzia, na wana sababu. Mshairi William Wordsworth na dada yake Dorothy walihamia hapo Desemba 1799, katika nyumba ndogo ya mawe iliyopakwa chokaa, ambayo zamani ilikuwa kilabu cha pombe kwa wasafiri, wakaishi humo hadi 1808. Jina la Dove Cottage ambalo nyumba hiyo inajulikana kwalo leo halikutumika wakati wao. Vyumba vya chini vina giza, kuta zake zimefunikwa mbao na sakafu yake ni ya mawe. Ghorofani kuna chumba kimoja kidogo ambacho Dorothy alikibandika magazeti ukutani ili kupunguza baridi. Mwaka 1802 William alimwoa Mary Hutchinson, naye akaja kuishi humo humo, na watoto wao watatu wa kwanza wakazaliwa hapo, huku rafiki yao Samuel Taylor Coleridge akija kwa miguu kutoka Keswick, mwendo wa kilomita zaidi ya 20, na kulala. Anayeingia nyumba hii akiwa na picha ya mshairi mpweke anayezungumza na milima huondoka ameelewa kwamba mashairi yale yalitoka katika nyumba iliyojaa watu, ambamo wanawake wawili walinakili miswada, walipika na kulea.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika shairi ambalo karibu kila aliyesoma fasihi ya Kiingereza amelisikia, lile la maua ya manjano ya dafodili, ambalo katika shule nyingi za makoloni watoto walilikariri bila kuwahi kuliona ua lenyewe. Tarehe 15 Aprili 1802 William na Dorothy walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa Ullswater, upepo ukivuma kwa nguvu, walipoyakuta maua hayo ufukweni karibu na Gowbarrow. Dorothy aliyaeleza katika daftari lake la kila siku: jinsi yalivyokuwa mengi, jinsi mengine yalivyolaza vichwa juu ya mawe kama yaliyochoka, na jinsi mengine yalivyotikisika na kuonekana kama yanacheka. William alitunga shairi lake kiasi cha miaka miwili baadaye, likachapishwa mwaka 1807, na ndani yake anasema alikuwa peke yake. Dada yake ametoweka kabisa. Mistari miwili ya shairi hilo, ile inayotaja jicho la ndani, ilitoka kwa Mary, na William mwenyewe alikiri kwamba ndiyo bora kuliko yote. Madaftari ya Dorothy yamehifadhiwa Grasmere pamoja na sehemu kubwa ya miswada ya kaka yake, na kwa maoni yangu kuusoma ukurasa wa dada na shairi la kaka kwa pamoja, mahali walipoishi wote wawili, ni faida ambayo hakuna kijiji kingine kati ya hivi vinne kinachoweza kuitoa.

Hata hivyo, anayekuja Grasmere kwa ajili ya maua hayo atakuwa amekosea njia. Ullswater iko zaidi ya kilomita 20 kwa barabara kutoka Grasmere, ng'ambo ya milima, na maua huchanua kati ya Machi na Aprili tu. Akija Agosti atakuta majani na magari. Hapo napenda kusema wazi kwamba msongamano wa eneo hili wakati wa kiangazi si jambo dogo: barabara ni nyembamba, maegesho hujaa asubuhi, na katika vyumba vile vidogo vya Dove Cottage huwezi kukaa ukatafakari. Mvua nayo haina msimu. Sehemu za milima ya huko, kama Seathwaite, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Uingereza, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na koti zuri la mvua lina maana kuliko kitabu cha mwongozo.

Mwongozo wenyewe una kisa chake. Wordsworth ndiye aliyeandika kitabu kuhusu maziwa haya kilichosomwa na wageni wengi, akasema humo kwamba eneo hilo lihesabiwe kuwa namna ya mali ya taifa. Kisha mwaka 1844, uliposikika mpango wa kuleta reli hadi karibu na Windermere, aliupinga kwa shairi na kwa barua magazetini, akihofia umati. Reli ilifika mwaka 1847. Ndiyo reli hiyo hiyo itakayokupeleka: kutoka London Euston hadi Oxenholme ni chini kidogo ya saa tatu, kisha treni ndogo hadi Windermere, kisha basi la kupitia Ambleside. Wazo lake la mali ya taifa halikupotea pia, kwani mwaka 1951 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa na mwaka 2017 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ukiamua kwenda, usiishie kwenye nyumba. Njia ya zamani ambayo majeneza yalibebwa kutoka Rydal hadi kanisa la Grasmere bado inapitika, mwendo wa saa moja hivi, na inakufikisha Rydal Mount alikoishi Wordsworth kuanzia 1813 hadi alipofariki 1850. Alikuwa na desturi ya kutunga akitembea huku na huko na kutamka mistari kwa sauti, hata majirani wakawa wanamsikia akinong'ona peke yake njiani. Kwa msomaji aliyelelewa na mashairi yanayoimbwa kabla ya kuandikwa, habari hii haishangazi, lakini kutembea njia ile kwa mwendo wake, ukilighani shairi kwa sauti, hukuonyesha kwamba mizani ya mistari ile ni mizani ya hatua. Kaburi lake liko nje ya kanisa la Mtakatifu Oswald, pamoja na la Mary na la Dorothy, chini ya miti ambayo baadhi yake aliipanda mwenyewe.

Haworth ni habari nyingine, na hapa ulinganisho unanilazimu kuwa mkali kidogo. Watu humiminika huko kwa ajili ya riwaya, wala si mashairi. Patrick Brontë alifika mwaka 1820 kuwa kasisi, na watoto wake Charlotte, Branwell, Emily na Anne walikulia katika nyumba ya kasisi ambayo tangu mwaka 1928 ni makumbusho. Ukweli unaosahauliwa ni kwamba kitabu cha kwanza cha mabinti hao kilikuwa cha mashairi. Mwaka 1845 Charlotte aliyagundua mashairi ya Emily yaliyofichwa, Emily akakasirika kwa kuingiliwa siri yake, na baada ya kubembelezwa sana wakakubaliana kuchapisha mashairi ya wote watatu kwa gharama yao wenyewe, kwa majina ya bandia ya Currer, Ellis na Acton Bell. Kitabu kilitoka mwaka 1846 na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili. Mbili tu. Mwaka uliofuata wakachapisha riwaya, na mashairi yakafunikwa.

Kwa hiyo anayependa mashairi ya Emily ana sababu ya kweli ya kupanda kilima kile cha barabara ya mawe, kwa kuwa nyika iliyo nyuma ya nyumba ndiyo iliyomo katika mistari yake: ardhi ya juu isiyo na miti, upepo usiokoma, na vichaka vifupi vinavyogeuka zambarau mwezi Agosti. Nyika hiyo haijabadilika sana. Asiyekuwa msomaji wa Emily atapata zaidi historia ya familia moja yenye misiba, nayo inaelezwa vizuri: meza ambayo dada hao walikuwa wakiizunguka usiku wakisomeana kazi zao imo chumbani, na nje ya dirisha kuna makaburi yaliyosongamana. Mkaguzi wa afya aliyefika mwaka 1850, Benjamin Babbage, alikuta kwamba wastani wa umri wa kufa katika kijiji hicho ulikuwa chini ya miaka 26, na kwamba zaidi ya watoto 4 kati ya kila 10 walikufa kabla ya kutimiza miaka 6. Maji ya kunywa yalikuwa machafu. Emily alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 30. Watoto wote walitangulia kufa, na baba yao akaishi hadi 1861.

Tahadhari moja kuhusu Haworth: wengi hutembea kilomita kadhaa hadi magofu ya Top Withens wakiamini kwamba ndiyo nyumba ya riwaya ya Emily, lakini kibao kilichowekwa ukutani na chama cha Brontë mwaka 1964 kinasema kwamba jengo hilo, hata lilipokuwa zima, halikufanana na nyumba aliyoieleza. Matembezi ni mazuri, ila uende kwa ajili ya upepo na si kwa ajili ya gofu. Kwa anayetaka ushairi wa karne ya 20, kiasi cha kilomita 13 ng'ambo ya nyika hiyo kuna bonde alikozaliwa Ted Hughes, Mytholmroyd, na juu yake kijiji cha Heptonstall alikozikwa mke wake, mshairi Sylvia Plath, mwaka 1963. Kuunganisha Haworth na Heptonstall kwa siku mbili ni safari bora kuliko Haworth peke yake. Usafiri si mgumu: treni kutoka London King's Cross hadi Leeds, nyingine hadi Keighley, kisha basi au, ukiwa na watoto, treni ya mvuke inayoendeshwa na watu wa kujitolea.

Kuhusu Dorchester nitasema kwa ufupi, ingawa Thomas Hardy anastahili zaidi. Alizaliwa mwaka 1840 Higher Bockhampton, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ambayo babu wa baba yake aliijenga mwaka 1800, na mwaka 1885 alihamia Max Gate, nyumba ya matofali aliyoichora mwenyewe kwa kuwa alisomea usanifu wa majengo. Alijulikana kwa riwaya, akaziacha katika miaka ya 1890, na mwaka 1898, akiwa na miaka 58, akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Aliendelea kutunga hadi alipofariki Januari 1928, na kuacha mashairi zaidi ya 900. Moyo wake ulizikwa Stinsford kando ya mke wake wa kwanza, Emma, na majivu ya mwili wake yakawekwa Westminster Abbey, kwa sababu kijiji na taifa havikukubaliana nani amchukue. Nyumba zote mbili ziko chini ya shirika la hifadhi la National Trust, na unaweza kutembea kutoka mjini kupitia kaburi la Stinsford hadi nyumba ya kuzaliwa, kiasi cha kilomita 5, bila kupanda mlima.

Ugumu wa Dorset kwa mpenzi wa mashairi ni huu: mashairi makuu ya Hardy ni ya maombolezo, aliyoyatunga baada ya Emma kufariki ghafla ghorofani Max Gate, Novemba 1912, wakati ndoa yao ilikuwa imepoa kwa miaka mingi. Ukisimama katika vyumba vya darini alivyojitenga Emma utaelewa majuto yale. Lakini mandhari ya mashairi yenyewe, yaani miamba, bahari na msichana aliyepanda farasi, yako Cornwall karibu na Boscastle, walikokutana mwaka 1870, na si Dorset hata kidogo. Dorchester inakupa chumba cha majuto, na bahari iko kwingine, safari ya saa kadhaa kuelekea magharibi. Anayependa riwaya zake atafurahi zaidi, kwa sababu ramani nzima ya nchi aliyoibuni inaweza kuwekwa juu ya vijiji hivi. Jambo la ziada kwa wapenzi wa lahaja ni sanamu ya William Barnes iliyo mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro, mchungaji na mwalimu aliyetunga kwa lahaja ya Dorset.

Na lahaja ndiyo inayonileta Helpston, kijiji ambacho watalii wachache hukijua na ambacho, ningeulizwa mimi, ningekitanguliza kwa msomaji wa Kiswahili. John Clare alizaliwa hapo tarehe 13 Julai 1793, mtoto wa kibarua wa kupura nafaka na mama asiyejua kusoma. Aliacha shule mapema, akafanya kazi za shamba na za bustani, akajiunga na wanamgambo kwa muda, akakaa na watu wa kabila la kuhamahama ili ajifunze nyimbo na kupiga fidla. Mwaka 1820 mchapishaji John Taylor wa London, aliyekuwa pia mchapishaji wa John Keats, alitoa kitabu chake cha kwanza na jalada likamtambulisha kuwa mkulima maskini wa Northamptonshire. Kwa mwaka mmoja au miwili akawa gumzo la mji. Vitabu vilivyofuata havikuuzwa sana, watoto wakaongezeka, akili ikaanza kuyumba, na mwaka 1837 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika msitu wa Epping. Julai 1841 alitoroka, akatembea kwa siku nne kiasi cha kilomita 130 kurudi nyumbani, akila majani ya kando ya barabara kwa njaa, akiamini atamkuta Mary Joyce, msichana aliyempenda utotoni. Mary alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Mwishoni mwa mwaka huo huo alipelekwa Northampton, akaishi hospitalini hadi kifo chake 1864, na humo ndimo alimoendelea kutunga.

Lakini sababu ya kwenda Helpston haipo katika masaibu yake. Ipo katika ardhi. Clare alipokuwa mtoto, mashamba ya kijiji hayakuwa na mipaka ya kudumu. Watu walilima vipande vyao katika uwanja mmoja mpana, na pembeni kulikuwa na malisho ya wote ambako maskini aliweza kufuga ng'ombe mmoja, kuokota kuni na kupita atakako. Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kugawa ardhi hiyo na kuizungushia wigo, na kufikia 1820 kazi ilikuwa imekamilika: mito midogo ilinyooshwa, miti ikakatwa, njia zikafungwa, na vibao vikasimikwa kuwaambia watu kwamba hapa hapapitiki. Clare alitunga kuhusu vibao hivyo kwa uchungu. Alitunga pia shairi ambalo ndani yake kipande cha ardhi, Swordy Well, kinasema kwa nafsi ya kwanza na kulalamika kama maskini anayeishi kwa sadaka ya parokia. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye neno la mgogoro wa ardhi analisikia kila juma katika taarifa ya habari, hahitaji maelezo marefu ili aelewe shairi hilo linasema nini.

Swordy Well bado ipo. Kwa muda mrefu ilichimbwa mawe, baadaye ikageuzwa jalala, na sasa, kwa jina la Swaddywell, ni hifadhi ndogo inayotunzwa na wenyeji, ambamo maua ya mwituni yamerudi. Unaweza kutembea hadi huko kutoka kijijini, ukipita mashamba makubwa ya ngano ambayo ndiyo matokeo ya sheria ile ile. Njia zenyewe zina vibao, ila hivi vya leo kazi yake ni kinyume cha vile vya zamani: sheria ya Uingereza inalinda haki ya umma ya kupita katika njia za miguu zilizosajiliwa, hata zinapokatiza shamba la mtu, mradi usiharibu mazao na ufunge lango nyuma yako. Grasmere inakuonyesha nchi iliyohifadhiwa kwa sababu mshairi aliisifu. Helpston inakuonyesha nchi ambayo mshairi aliililia ikiwa inaondoka, na iliondoka kweli, kwa hiyo shairi lake ndilo lililobaki kuwa ramani ya kilichokuwapo. Kutembea na ramani hiyo mkononi ni kazi ya msomaji. Mandhari peke yake haitakusisimua, kwa kuwa upande mmoja ni tambarare ya mabonde yaliyokaushwa maji na upande mwingine ni vilima vidogo vya mawe ya chokaa. Asiyependa kusoma asiende.

Nyumba yake, iliyopakwa rangi nyeupe na kuezekwa kwa nyasi, ilinunuliwa na wakfu wa John Clare mwaka 2005 na kufunguliwa kwa wageni. Inapendeza mno kuliko ilivyokuwa, nami naitaja kasoro hii kwa sababu inaweza kupotosha: wakati wake jengo liligawanywa katika makazi ya familia kadhaa, na wazazi wake walipanga sehemu tu. Pembeni yake kuna baa ya Bluebell ambayo Clare aliwahi kuitumikia akiwa kijana. Kaburi lake liko kando ya kanisa, na kila mwaka karibu na siku yake ya kuzaliwa watoto wa shule ya kijiji huliwekea matakia ya nyasi yaliyochomekwa maua, wakifuata desturi ya zamani ambayo mshairi mwenyewe aliieleza. Anayeweza kuchagua tarehe achague juma hilo la Julai. Kabla ya kusafiri hakikisha siku ambazo nyumba hufunguliwa, maana kijiji ni kidogo na hakina jingine la kumpotezea mgeni muda.

Kwa upande wa siku na nauli, tofauti ni kubwa. Treni ya King's Cross hadi Peterborough huchukua chini ya saa moja, na kutoka hapo Helpston ni kiasi cha kilomita 10 kwa teksi au kwa basi lisilopita mara nyingi, hivyo safari nzima inakwisha kwa siku moja bila kulala nje. Dorchester inawezekana kwa siku moja ndefu kutoka Waterloo, ingawa nyumba mbili na kaburi hukufanya ukimbizane na saa. Haworth na Grasmere zinataka usiku mmoja angalau, na Grasmere mbili ikiwa ungependa kufika Ullswater. Mwenye leseni na gari ana nafuu kila mahali isipokuwa Grasmere. Madereva wa Tanzania, Kenya na Uganda hawatapata taabu ya upande wa barabara, wale wa Congo, Rwanda na Burundi wajipe muda wa kuzoea. Ukiwa na mzee asiyeweza kupanda, epuka Haworth, kwa kuwa barabara yake kuu ni mteremko mkali wa mawe yenye utelezi. Ukiwa na watoto wadogo wasiojali ushairi, Grasmere ina maziwa, mashua na mkate wa tangawizi unaouzwa tangu 1854 katika chumba kilichokuwa darasa la kijiji, na hilo linatosha kuwatuliza wakati wewe unatazama miswada.

Jambo la mwisho linahusu kitabu cha kubeba, nalo kwa Helpston lina uzito kuliko kwingine. Clare aliandika bila alama za uakifishaji, kwa tahajia yake na kwa maneno ya kijijini kwao ambayo London haikuyajua, na John Taylor alipoyachapa mashairi aliyanyoosha: akaongeza nukta na mikato, akabadili maneno aliyoyaona ya kishamba, akaondoa baadhi ya mistari iliyowashutumu matajiri. Fikiria Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama hizo hizo, mashairi yake yangetolewa kwa Kiswahili cha Unguja na Kimvita chake kufutwa. Maana ingebaki, sauti ingekufa. Leo madukani kuna matoleo ya namna mbili, yale yaliyonyooshwa na yale yaliyorudishwa kama alivyoyaandika kwa mkono wake. Yaliyorudishwa humsumbua msomaji katika kurasa za mwanzo, hasa ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, lakini ukiyasoma kwa sauti polepole, ukiacha pumzi yako ikuonyeshe mahali pa kutua, yanasomeka. Fungua kitabu hicho kwenye benchi lililo karibu na kanisa, kabla hujaingia ndani ya nyumba.